Mathe Amesema Umsaidie Mdogo Wako Kuchagua Shule Online? Soma Hii Kabla Ufungue Hio Tovuti

Kama uko na ndugu mdogo Gredi 9, hii simu itakupata tu. Mathe hatasalimia sana. Atasema, "Wewe ndio unajua mambo za mtandao, saidia huyu mtoto achague shule." Kazi imekuwa yako hapo hapo, na huwezi hepa.

Shida ni moja: wewe ulipita 8-4-4. Kwa kichwa yako, kuchagua shule ni kuandika majina makubwa juu, majina ya kawaida katikati, na shule ya mtaa chini kabisa ya kujazia nafasi. Masomo yenyewe ulikuja kuyachagua baadaye, ukitoka Form 2 ukiingia Form 3, ushajua mwalimu gani anafunza poa na somo gani linakuchapa.

Hio rada ilikufa. Sai masomo yanachaguliwa kabla mtoto hajakanyaga hio shule, na hayo masomo ndio yanaamua ni shule gani anaweza kuomba. Ukianza na jina la shule umeanzia mwisho. Kama kuna kitu kimoja utatoka nacho hapa, kiwe hiki: masomo kwanza, jina la shule baadaye.

Twende pole pole. Mifano itakuwa ya Kitengela na Kajiado, lakini hata kama uko Rongai, Kayole ama Kisumu, mfumo ni ule ule.

Kwani nini ilibadilika?

CBC, ambayo siku hizi inaitwa CBE, iliingia madarasani kote nchini 2019. Wale wasee wa kwanza walifanya KPSEA 2022, wakaingia Gredi 7 Januari 2023, wakafanya KJSEA mwisho wa 2025. Walikuwa zaidi ya milioni 1.1. Matokeo yalitoka Desemba 11, 2025, na Januari 12, 2026 wakaanza kuripoti Gredi 10.

Senior School, ile kwa Kiswahili cha vitabu inaitwa sekondari pevu, ni miaka mitatu tu. Hao wa kwanza watamaliza 2028. Wa mwisho wa 8-4-4 watafanya KCSE 2027, alafu hio stori inafungwa.

Maana yake ni gani? Hakuna mtu kwa plot yenu ashawai pitia hii kitu mpaka mwisho. Si wewe, si jirani aliyesoma national, si anko wa Nairobi mwenye huwa na jibu la kila kitu. Kila mtu anakisia akitumia miwani ya zamani. So usiende kwa ushauri wa "sisi enzi zetu". Enda kwa vile mfumo unafanya kazi.

Masomo ni saba. Manne umepewa, matatu ni yako

Majina ya masomo nitayaacha vile yako kwenye fomu ndio usipotee.

Ya lazima ni haya: English, Kiswahili ama Kenya Sign Language, Mathematics, na Community Service Learning. Hio ya mwisho ni kazi ya kusaidia jamii, lakini inafanywa kama somo. Hakuna mtu anahepa hayo manne.

Alafu mtoto anaongeza matatu ya kuchagua. Hayo matatu ndio moto wenyewe. Kuna pia michezo na kompyuta ambazo kila mtu atafanya shuleni, lakini hizo hazina mtihani wa kitaifa.

Kuhusu Mathematics, kuna uvumi bado unazunguka mtaani. Plan ya kwanza ilikuwa mtu asiyeenda sayansi aachane na hesabu kabisa. Watu wakapiga kelele, na Aprili 2025 serikali ikasema hesabu ni ya wote. Lakini ziko mbili. Wa STEM wanafanya Core Mathematics, ile nzito. Wa njia zingine mbili wanafanya Essential Mathematics, hesabu ya kukusaidia kwa maisha ya kawaida.

So mdogo wako akikwambia anaenda Sanaa ndio ahepe hesabu, mwambie mapema kuwa hesabu itamfuata hadi huko. Hio sio sababu ya kuchagua njia.

Njia ziko tatu

Kwenye fomu zinaitwa pathway. Mtoto anachukua moja.

*STEM.* Hii ni sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu. Ndani yake kuna vijia vitatu. Pure Sciences ni ile ya Physics, Chemistry na Biology. Applied Sciences iko na vitu kama Agriculture, Computer Studies na Home Science. Technical Studies ni ya mikono: Electricity, Woodwork, Metalwork, Power Mechanics, Building and Construction, Aviation, Media Technology na zingine.

Watu wengi husikia STEM wakafikiria daktari pekee. Cheki Kajiado yenyewe. Zile feni kubwa za Kipeto zinazozunguka juu ya milima ni 60, zinatoa megawati 100 za stima, na zilianza kuuza umeme 2021. Kuna mtu anapanda kuzitengeneza. Magadi wamechimba magadi kwa zaidi ya miaka 100, na hio ni Chemistry tupu. Viwanda vya simiti viko hapo Athi River, na ng'ombe na mbuzi wa Kajiado ni biashara inayotaka mtu wa Agriculture mwenye anajua anachofanya.

*Social Sciences.* Hapa kuna lugha na fasihi, alafu kuna History and Citizenship, Geography, Business Studies na masomo ya dini. Lugha sio English na Kiswahili tu. Kuna Fasihi ya Kiswahili, Literature in English, French, German, Arabic, Mandarin, na hata lugha za kienyeji. Mtu anayetaka sheria, uandishi, biashara ama utalii wa Amboseli, huku kuna chakula yake.

*Arts and Sports Science.* Fine Arts, Music and Dance, Theatre and Film, Sports and Recreation. Hii ndio wazazi wengi huiogopa, wanaona ni ya watoto waliofeli. Sio. Ni njia iliyo na mitihani yake na kazi zake. Pale Kitengela Glass watu wamekuwa wakigeuza vioo vilivyotupwa kuwa sanaa ya kuuzwa kwa miaka mingi, na hio kazi ilianzishwa na msanii, Nani Croze. Lakini pia usiichague ju mtoto anapenda kucheza TikTok. Kupenda kutazama kitu na kupenda kukifanyia mazoezi kila siku ni vitu viwili.

Serikali ilipanga ikitarajia karibu asilimia 60 waende STEM, 25 Social Sciences na 15 Arts and Sports. Hio ni hesabu ya nchi. Haimwambii mdogo wako ni wapi anafaa.

Kombinesheni ndio mahali watu huanguka

Ukishachagua njia, bado hujachagua kitu. Ndani ya njia kuna orodha ndefu ya mchanganyiko wa masomo matatu matatu, kila moja na kodi yake. Hiyo ndio kombinesheni.

Chukua watoto wawili, wote wanasema wako STEM. Mmoja amebeba Biology, Chemistry na Agriculture. Mwingine amebeba Physics, Chemistry na Computer Studies. Wote wawili ni wa sayansi, wazazi wao wote wanajigamba kanisani. Lakini yule wa kwanza hana Physics, na mtu asiye na Physics akienda kugonga mlango wa uhandisi, atapata umefungwa. Yule wa pili hana Biology, so udaktari ataona kwa movie. Hakuna aliyechagua vibaya kama anajua anakoenda. Noma ni kama hawajui.

Mimi niliacha college katikati, so sitakuuzia stori ya kozi tano zenye mshahara. Kozi moto ya leo inaweza kuwa baridi mtoto akimaliza. Badala yake, keti na yeye na karatasi mjibu maswali matatu.

Moja: ni kazi gani mbili ama tatu anaona anaweza fanya, na zote zinahitaji masomo gani? Rudi nyuma kutoka kwa kazi mpaka kwa somo. Usitoke kwa somo ukitumaini utaangukia kazi. Ukiona somo moja linatokea kwa kazi zote tatu, hilo liingie.

Mbili: kwa Gredi 7, 8 na 9 anafanya aje? Usiangalie jumla, angalia somo kwa somo. Integrated Science ikiwa chini miaka yote mitatu na Social Studies iko juu, hio ni habari. Pre-Technical Studies ikiwa ndio inambamba, hio pia ni habari, na mara nyingi ndio huwa haina mtu wa kuisikiliza.

Tatu: ni kitu gani hufanya bila kuambiwa? Kuna mtoto hufungua redio ikiharibika. Kuna mwenye huandika. Kuna mwenye hufufua kila mmea wa mathe uliokaribia kufa. Hio haitoshi peke yake kuamua, lakini ikikubaliana na hizo mbili za kwanza, umepata.

Andikeni kombinesheni tatu, kutoka ile anaitaka zaidi. Zote ziwe za njia moja. Fomu itaziitisha tatu, so usikuje kuwaza ya pili na ya tatu ukiwa tayari kwa saiba, na mse nyuma yako anauliza kama umemaliza.

Sasa ndio tunafika kwa shule: ziko 12

Hapa ndio hesabu ya fomu iko, ifuate taratibu.

Kila kombinesheni inapewa shule nne. Kombinesheni tatu mara nne, ni 12. Kati ya hizo 12, tisa ni za bweni: tatu ndani ya kaunti ya nyumbani, na sita nje ya hio kaunti. Tatu zinazobaki ni za kutwa, ndani ya sub-county anayoishi.

Shule zenyewe zimepangwa kwa vikundi vinne. C1 ni zile zilikuwa zinaitwa national. C2 ni zilizokuwa extra-county, C3 za kaunti, na C4 za sub-county. Kajiado, majina ya national kila mtu anayajua: Moi Girls Isinya na Olkejuado. Lakini nchi nzima kuna zaidi ya shule 9,000 za Senior School, na C1 ni chache sana. Kila mtoto wa Kenya mwenye alama kali anaziandika.

Kitu cha maana kuliko kikundi ni hiki: sio kila shule inafunza kila kitu. Kuna shule ziko na njia zote tatu. Zingine ziko na mbili. STEM inafaa iwe kila mahali, lakini STEM yenyewe ni pana. Shule ya kwanza inaweza kuwa na Physics na isiwe na karakana ya Electricity. Ya pili iko na Computer Studies lakini haina French. Na kama ni Arts and Sports, shule zenye hio njia ni chache zaidi.

Ndio maana nilisema masomo kwanza. Ukiwa na kombinesheni mkononi, tovuti inakuonyesha shule zinazoitoa. Ukiwa na jina la shule pekee, utaanza kubadilisha masomo ya mtoto ndio yaingie kwa hio shule. Hapo ni kama kununua kiatu ju boksi ni safi, alafu unakata vidole ndio mguu uingie.

Mtego wa Kitengela

Sasa wewe wa Kitengela, hii ni yako.

Kitengela iko Kajiado. Ukivuka hapo mbele ukaingia Athi River, uko Machakos. Kwa mathree ni safari fupi, lakini kwa mfumo ni kaunti nyingine. Shule ya kutwa iliyo Athi River ama Mlolongo inaweza kuwa karibu na keja yenu kuliko shule ya Kajiado, lakini haitaingia kwa zile nafasi tatu za kutwa kama sub-county yako iko upande wa huku.

Upande mwingine, Kajiado ni kubwa mbaya. Ukiona "Kajiado" kando ya jina la shule usidhani ni hapa karibu na Namanga Road. Inaweza kuwa Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, ama Magadi kule kwa joto. Kwa bweni hio si shida sana, utalipa nauli mara chache kwa mwaka. Lakini fungua ramani kwanza.

Alafu kuna swali la nyumbani. Kitengela watu wengi wamepanga ama wamejenga wakitoka kwingine. Mtoto amekua Noonkopir, lakini fathe akiulizwa nyumbani ni wapi, atasema Kisii, Murang'a ama Makueni. Kabla ujaze chochote, uliza mwalimu mkuu swali moja la wazi: kwa mfumo, huyu mtoto ameandikwa kaunti gani na sub-county gani? Usikisie kutoka kwa jina la eneo bunge, na usijaze kwa hisia. Hilo jibu ndio linaamua zile nafasi tatu za bweni za ndani na zile tatu za kutwa.

Na sikia, zile za kutwa usizitupe. Watu wengi huziandika wakiwa wamechoka, majina yoyote matatu, ju "huko hataenda." Mfumo haujui ulikuwa unajaza tu. Zikijaa zile za juu, utashuka chini ya orodha mpaka ufike huko. Mtoto ataamka saa kumi na moja asubuhi kila siku kwa miaka mitatu ju wewe uliandika shule bila kujua iko wapi. Chagua tatu za kutwa kana kwamba ndio ataenda. Tembea uzione. Uliza walinzi, uliza wanafunzi wanaotoka jioni, uliza kama hio kombinesheni inafunzwa ama iko kwa karatasi tu.

Alama zinahesabiwa aje?

Mtihani wa Gredi 9 sio kila kitu. KJSEA ni asilimia 60. KPSEA ya Gredi 6 inaleta 20, na kazi za shuleni za Gredi 7 na 8 zinaleta 20 zingine. So ukifika wakati wa kujaza fomu, asilimia 40 ya alama za huyo mtoto tayari iko kwa sanduku. Hio inakusaidia kuwa mkweli.

Kila somo linapewa ngazi kutoka BE2, ambayo ni pointi 1, mpaka EE1, ambayo ni pointi 8. Masomo ni tisa, so ya juu kabisa ni 72. Mfumo unaangalia hizo alama, unaangalia ulichochagua, na unaangalia nafasi ngapi ziko.

Kwa hivyo gawa zile shule tisa za bweni. Weka chache za kuota, nyingi za size yake, na angalau mbili ambazo una uhakika. Ukijaza zote majina makubwa umefanya kama mtu anayeweka doh yote kwa mechi moja.

Pesa: ongeeni kabla ya fomu, sio baada

Hii stori wazazi huiogopa mbele ya watoto, lakini lazima iongelewe mapema.

Serikali ilisema inaweka KSh 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na shule ya kutwa ya umma haifai kuitisha karo ya masomo. Bado kutakuwa na lunch, uniform na vitu vidogo. Bweni ni stori nyingine. Shule za C1 mzazi analipa hadi KSh 53,554 kwa mwaka, na bweni nyingi za chini yake ni KSh 40,535. Ongeza godoro, sanduku, shopping na nauli.

Januari 2026 tuliona vile ilienda. Wiki za kwanza wengi walikuwa bado wako nyumbani, na serikali ikabidi iagize shule zipokee watoto hata bila karo ama uniform. Ukikaa na mathe na mkubaliane mapema kwamba bweni hamtaweza, hapo hamjashindwa. Mnatafuta shule ya kutwa iliyo na kombinesheni ya mtoto, mnaiweka mkijua ndio target. Hio ni bora kuliko kuitwa shule kubwa alafu mkae na barua ukutani kama picha.

Kufungua tovuti

Tovuti ya Wizara ni selection.education.go.ke. Angalia hizo herufi vizuri, mwisho wake ni go.ke. Mtu akikutumia linki nyingine ya kwa WhatsApp, achana nayo.

Unaweza kuingia mwenyewe ukaangalia njia, kombinesheni, na shule zinazotoa kila moja. Chezeni nayo jioni mbili ama tatu kabla ya siku yenyewe. Bando ya mia moja inatosha hio kazi.

Lakini chaguo la mwisho halijazwi na wewe ukiwa kitandani. Mtoto anajaza fomu ya karatasi, mzazi anatia sahihi, na shule ya Gredi 9 ndio inaingiza kwa mfumo. Hio ina maana mbili.

Kwanza, mtu akikwambia umpe elfu mbili akuwekee mtoto national "kupitia kwa system", huyo ni conman. Hana mlango huo.

Pili, makosa hutokea wakati wa kuandika. Mwalimu mmoja ana fomu mia moja, intaneti inasumbua, na kodi za kombinesheni zinafanana. Tarakimu moja ikikosewa, mtoto wa Physics anajikuta kwa masomo mengine. So fanya hivi:

Piga picha ya fomu iliyojazwa kabla irudi shule.

Andika kodi za kombinesheni na kodi za shule kwa herufi kubwa zisizosumbua macho.

Hakikisha namba ya mtahiniwa ya mtoto iko sawa, na usiirushe kwa magrupu.

Baada ya shule kuingiza, omba mwalimu kwa heshima akuonyeshe ama achapishe kilichoingia. "Mwalimu, naomba tu tulinganishe na fomu yetu." Hakuna mwalimu mzuri atakasirika na hio.

Tarehe za kufungua na kufunga zichukue shuleni. Mwaka wa kwanza zoezi lilifanyika Juni, kabla ya KJSEA. Usingoje siku ya mwisho, ju siku ya mwisho kila mtu Kenya yuko kwa hio tovuti.

Na kama mambo itaenda mrama?

Baada ya watoto kupangiwa shule Desemba 2025, kulifunguliwa dirisha la kuomba kubadilisha. Zaidi ya laki tatu waliomba. Zaidi ya laki moja walikataliwa, ju shule walizotaka zilikuwa zimejaa. So dirisha lipo, lakini usilitegemee kama mlango.

Ukilitumia, omba shule iliyo na nafasi na iliyo na kombinesheni ya mtoto. Wengi walipigania jina tu, na shule ikikubali unapewa kombinesheni iliyobaki. Kama amepangiwa shule isiyo na jina lakini iko na masomo yake matatu, na anaweza kufika bila kuumia, fikiria mara mbili kabla uanze kuhamisha.

Kabla mathe atie sahihi

Pitia hizi mara moja. Mtoto anaweza kusema kwa mdomo wake kwa nini amechagua hayo matatu? Kila shule kwa zile 12 imeonekana kwa tovuti ikiwa na hio kombinesheni? Zile za kutwa mnajua ziko wapi na nauli ni ngapi? Pesa ya bweni imeongelewa na mwenye atailipa? Picha ya fomu iko kwa simu ya watu wawili?

Swali la kwanza ndio kubwa. Kama jibu ni "ju wewe umesema" ama "ju beste yangu pia amechagua," rudini kwa karatasi, bado mko na kazi. Wewe ni wa kufungua tovuti, kusoma ramani na kupiga hesabu ya nauli. Lakini Jumatatu asubuhi ya Gredi 10, kwa kile kipindi cha kwanza cha somo alilochagua, wewe hutakuwa darasani. Ni yeye atakuwa ameketi hapo, so mwache achague.